Maili za Ndege na Safari ya Kuzunguka Dunia: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kukata Tiketi

Maili za ndege ni hesabu ya tuzo ambayo shirika la ndege humwandikia abiria anaposafiri nalo, au anaponunua huduma kwa mshirika wa shirika hilo, kwa ahadi kwamba hesabu hiyo itakapofikia kiwango fulani itaweza kubadilishwa kuwa tiketi. Wapo abiria ambao kwa njia hiyo wameizunguka dunia nzima, kutoka mashariki hadi magharibi na kurejea walikoanzia, kwa kulipa sehemu ndogo tu ya nauli ya kawaida.

Habari za safari hizo ni za kweli, lakini mara nyingi husimuliwa nusu. Mwananchi anayezisikia huambiwa idadi ya maili zilizotumika bila kuelezwa zilivyopatikana, kodi zilizolipwa, viza zilizohitajika, wala nani mwenye mamlaka ya kuzifuta maili hizo. Makala haya yanaeleza mfumo huo ulivyoanza, unavyofanya kazi leo, na mipaka yake kwa msafiri wa Afrika Mashariki anayekusudia kuutumia.

Chimbuko la mfumo

Hadi mwaka 1978 nauli na njia za safari za ndege za ndani nchini Marekani zilipangwa na mamlaka ya Serikali. Oktoba mwaka huo, Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyoondoa udhibiti huo, na mashirika yakaanza kushindana kwa nauli. Ushindani ulipokuwa mkali, mashirika yalitafuta namna ya kumfanya abiria asihame kila anapoona tofauti ndogo ya bei. Kompyuta za kuhifadhi nafasi, ambazo tayari zilikuwa zikitumika, ziliwezesha kumtambua abiria anayesafiri mara kwa mara na kumwekea kumbukumbu.

Mei 1981 shirika la American Airlines lilianzisha programu ya AAdvantage, na siku chache baadaye United ikafuata na programu yake. Utaratibu wa awali ulikuwa mwepesi kueleweka: abiria aliyeruka maili 1,000 aliandikiwa takriban maili 1,000, bila kujali kama tiketi yake ilikuwa ya bei ya chini au ya juu. Aliyenunua tiketi rahisi za masafa marefu ndiye aliyenufaika zaidi.

Utaratibu huo umebadilika kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2015 Delta na United zilianza kutoa maili kwa kufuata fedha zilizolipwa badala ya umbali, na American Airlines ikafanya hivyo mwaka 2016. Flying Blue, programu ya Air France na KLM, ilihamia kwenye hesabu ya euro mwaka 2018, ambapo mwanachama wa ngazi ya mwanzo alipewa maili 4 kwa kila euro 1 ya nauli, kodi za serikali zikiwa hazihesabiwi.

Athari ya mabadiliko hayo huonekana kwa hesabu fupi. Kwa kiwango hicho, abiria aliyelipa nauli ya euro 700 huandikiwa maili 2,800. Akitaka kufikisha maili 50,000, atahitaji tiketi 18 za aina hiyo. Mtu anayesafiri kwenda Ulaya mara moja kwa mwaka hawezi kufika huko kwa kuruka peke yake, kwa kuwa katika programu nyingi maili zake za mwanzo zinaweza kuisha muda kabla ya zile za mwisho kuingia.

Maili zisizotokana na kupanda ndege

Sehemu kubwa ya maili zinazowawezesha watu kuizunguka dunia kwa gharama ndogo haitokani na safari. Hutokana na kadi za mkopo. Benki hununua maili kutoka kwa shirika la ndege na kumpa mteja wake kila anapofanya manunuzi kwa kadi. Fedha za kununulia maili hizo hutokana kwa sehemu na ada ambayo mfanyabiashara hukatwa kila kadi inapotumika dukani kwake. Biashara hiyo ni kubwa: mwaka 2023 pekee kampuni ya American Express iliilipa Delta zaidi ya dola bilioni 6 za Marekani.

Ukubwa wa zawadi hizo hutegemea sheria za nchi. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya mwaka 2015, uliweka ukomo wa ada baina ya benki kuwa asilimia 0.3 ya thamani ya manunuzi kwa kadi za mkopo za watu binafsi. Marekani haina ukomo wa namna hiyo kwa kadi za mkopo, na ada zake ni za juu zaidi. Ndiyo sababu kadi za Marekani hutoa maili nyingi na za Ulaya hutoa chache.

Historia ina mifano ya watu waliotumia kwa ustadi mianya ya mfumo huu. Mwaka 1999 mhandisi wa California, David Phillips, aligundua kwamba kampuni ya vyakula ya Healthy Choice ilikuwa ikitoa maili kwa alama za bidhaa zilizokatwa kwenye pakiti, na kwamba bidhaa yake iliyokuwa na bei ndogo kuliko zote ilikuwa vikopo vya pudini. Alinunua vikopo zaidi ya 12,000 kwa takriban dola 3,140 na kupata maili zipatazo milioni 1.25. Vikopo vingi vilitolewa kwa shirika la hisani, ambalo watu wake walimsaidia kubandua lebo.

Mfano wa pili uliigusa Serikali yenyewe. Kuanzia mwaka 2008 mamlaka ya kutengeneza sarafu ya Marekani iliwauzia wananchi sarafu za dola 1 kwa bei ileile ya dola 1, ikiwapelekea nyumbani bila gharama ya usafirishaji, ili kuhimiza matumizi ya sarafu hizo. Baadhi ya watu walizinunua kwa maelfu kwa kadi za mkopo, wakazipeleka moja kwa moja benki kulipia deni la kadi, na kubaki na maili ambazo hazikuwagharimu chochote. Julai 2011 mamlaka hiyo iliacha kupokea kadi za mkopo kwa ununuzi huo, na mwanya ukazibwa.

Mianya kama hiyo haikuwahi kufunguka kwa kiwango hicho Afrika Mashariki, ambako manunuzi mengi ya kila siku hufanywa kwa fedha taslimu au kwa simu ya mkononi. Wapo wananchi wenye kadi za benki zinazotoa pointi, nao wanaweza kunufaika, ila kwa sharti moja: deni la kadi lilipwe lote kila mwezi. Riba ya deni lililobaki hupita kwa haraka thamani ya maili zilizopatikana.

Miungano ya mashirika na nafasi ya msafiri wa Afrika Mashariki

Kinachofanya maili za shirika moja ziweze kumzungusha abiria dunia nzima ni miungano. Star Alliance iliundwa Mei 1997 na mashirika ya Air Canada, Lufthansa, SAS, Thai Airways na United. Oneworld ilianza kazi Februari 1999, na SkyTeam ikaundwa Juni 2000. Ndani ya muungano, abiria anaweza kuruka na shirika moja na maili zikaandikwa kwenye programu ya shirika jingine. Vilevile anaweza kutumia maili za shirika moja kupata kiti kwenye ndege ya jingine.

Mashirika kadhaa yanayohudumia viwanja vya Afrika Mashariki yamo katika miungano hiyo. Kenya Airways ilijiunga na SkyTeam kama mwanachama kamili mwaka 2010, ikiungana na Air France na KLM. Ethiopian Airlines iliingia Star Alliance Desemba 2011, baada ya South African Airways mwaka 2006 na EgyptAir na Turkish Airlines mwaka 2008. Qatar Airways ilijiunga na Oneworld mwaka 2013, ikafuatiwa na Royal Air Maroc mwaka 2020 na Oman Air mwaka 2025. Emirates haimo katika muungano wowote kati ya hiyo mitatu. Ina programu yake ya Skywards, iliyoanzishwa mwaka 2000, na makubaliano na shirika mojamoja.

Kwa mwananchi, maana ya orodha hiyo ni kwamba uamuzi wa programu ya kujiunga nayo ni mzito kuliko uamuzi wa ndege ya kupanda. Msafiri wa Ethiopian Airlines kutoka Dar es Salaam au Entebbe anaweza kuandikisha safari yake katika ShebaMiles ya shirika hilo, au katika programu ya mwanachama mwingine wa Star Alliance kama Turkish Airlines, Singapore Airlines au Air Canada. Safari moja huandikwa katika programu moja tu. Anayejiandikisha kila mahali hujikuta ana maili chache katika programu tano na hana za kutosha katika hata moja.

Jambo la pili ni aina ya tiketi. Tiketi za bei ya chini kabisa huandikiwa sehemu tu ya maili, na baadhi haziandikiwi chochote zinapopelekwa kwa shirika mshirika. Herufi ya daraja la nauli iliyo kwenye tiketi ndiyo inayoamua, na jedwali la herufi hizo hupatikana katika tovuti ya kila programu.

Njia mbili za kuizunguka dunia

Zipo njia mbili rasmi za kuizunguka dunia kwa mpango mmoja. Ya kwanza ni tiketi ya kuzunguka dunia inayolipiwa fedha. Ile ya Star Alliance huruhusu vituo 2 hadi 15 na safari ya kati ya siku 10 na mwaka mmoja. Abiria hulazimika kuelekea upande mmoja, mashariki au magharibi, na kuvuka Bahari ya Atlantiki na ya Pasifiki. Ile ya Oneworld iitwayo Explorer huhesabu mabara, kuanzia 3 hadi 6, kwa safari zisizozidi 16.

Njia ya pili ni tiketi ya namna hiyo inayolipiwa kwa maili. Programu zinazoitoa zimekuwa zikipungua. ANA ya Japani, ambayo tiketi yake ilisifiwa kwa kuhitaji maili chache na kuruhusu vituo 8, iliacha kupokea maombi mapya mwaka 2025. KrisFlyer ya Singapore Airlines kwa muda mrefu imekuwa ikitoa tiketi ya Star Alliance yenye vituo visivyozidi 7 na umbali usiozidi maili 35,000.

Pale tiketi hiyo isipopatikana, wasafiri huunganisha tiketi za kwenda tu, moja baada ya nyingine, na kutumia kanuni za vituo. Katika safari za kimataifa, kukaa mahali kwa zaidi ya saa 24 huhesabiwa kuwa ni kituo. Chini ya hapo ni kubadilisha ndege tu. Programu ya Aeroplan ya Air Canada, kwa mfano, imekuwa ikiruhusu kuongeza kituo katika tiketi ya kwenda tu kwa pointi 5,000, hivyo safari moja kutazama miji miwili.

Mfano wa mzunguko unaoanzia Dar es Salaam kwa ndege za Star Alliance ni huu: Dar es Salaam hadi Addis Ababa na Bangkok; Bangkok hadi Tokyo; Tokyo kuvuka Pasifiki hadi Vancouver; Vancouver hadi Toronto; Toronto kuvuka Atlantiki hadi Frankfurt; na Frankfurt kurejea Addis Ababa na Dar es Salaam. Jumla ya umbali huo ni takriban maili 23,000, ambao ni pungufu kidogo ya mzingo wa dunia kwenye Ikweta, wenye maili 24,900 au kilomita 40,075. Upungufu huo unatokana na kwamba sehemu kubwa ya njia iko mbali na Ikweta, upande wa kaskazini.

Viti vinavyotolewa kwa maili ni vichache katika kila ndege. Mashirika mengi hufungua nafasi takriban miezi 11 kabla ya safari, na huzipunguza au kuziongezea bei katika msimu wa sikukuu na likizo. Mwenye uhuru wa kusogeza tarehe kwa wiki moja au mbili hupata nafasi kwa wepesi kuliko aliyefungwa na tarehe moja.

Gharama ambazo maili hazilipi

Tiketi ya maili haiondoi kodi na tozo. Tozo za viwanja, za usalama na kodi za serikali hulipwa kwa fedha. Uingereza, kwa mfano, imekuwa na kodi ya abiria wa anga tangu mwaka 1994, nayo hutozwa hata kwa aliyekata tiketi kwa maili. Zaidi ya hapo, baadhi ya mashirika huongeza tozo yao wenyewe, inayojulikana kama tozo ya mafuta, ambayo katika safari ndefu inaweza kukaribia nauli ya tiketi ya bei ya chini. Programu mbili zinaweza kuuza kiti kilekile katika ndege ileile, moja ikidai tozo hiyo na nyingine isiidai.

Gharama ya pili ni viza, na hapa ndipo simulizi za wasafiri wa Ulaya na Marekani zinapotofautiana zaidi na hali ya msafiri wa Afrika Mashariki. Mwenye pasipoti ya nchi tajiri anaweza kupita katika miji yote ya mfano uliotajwa bila viza, au kwa kibali cha mtandaoni tu. Mwenye pasipoti ya Tanzania hana budi kuangalia masharti ya Thailand, Japani, Kanada na nchi za Schengen, kila moja kwa fomu yake, picha zake, taarifa za benki na muda wake wa kusubiri. Ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, nayo hairudishwi ombi likikataliwa.

Mpangilio wa njia unaweza kupunguza mzigo huo. Mfano uliotolewa hapo juu umepitia Vancouver na si San Francisco kwa sababu hiyo. Marekani haina utaratibu wa kumruhusu abiria anayehitaji viza kubadilisha ndege bila kuwa nayo. Hata anayekaa uwanjani saa 2 tu hulazimika kuwa na viza. Kwa kupita Kanada pekee, msafiri huomba viza ya nchi moja ya Amerika Kaskazini badala ya mbili. Inashauriwa viza yenye masharti magumu zaidi iombwe kwanza, na tiketi ya maili ikatwe katika programu inayoruhusu kufuta safari na kurudishiwa maili kwa ada ndogo.

Baadhi ya nchi humtaka pia abiria anayetoka maeneo yenye homa ya manjano kuonyesha cheti cha chanjo. Chanjo hiyo inapaswa kuchomwa angalau siku 10 kabla ya kuwasili katika nchi inayoidai.

Namna ya kupima thamani ya maili

Kabla ya kutumia maili, msafiri anaweza kufanya hesabu ifuatayo. Achukue bei ya fedha ya tiketi anayoitaka, atoe kodi na tozo atakazolipa akitumia maili, kisha agawe kinachobaki kwa idadi ya maili zinazodaiwa.

Tuseme tiketi inauzwa shilingi 1,800,000, tiketi hiyohiyo kwa maili inadai maili 35,000, na kodi na tozo zake ni shilingi 400,000. Kinachobaki ni shilingi 1,400,000, na kila maili moja imenunua thamani ya shilingi 40. Ikiwa shirika hilohilo linauza maili kwa shilingi 75 kila moja, anayezinunua ili apate tiketi hiyo amepata hasara. Ikiwa tiketi ya fedha itashuka hadi shilingi 1,000,000, thamani ya maili moja itakuwa takriban shilingi 17, na ni heri kulipa fedha na kuhifadhi maili kwa safari nyingine.

Hesabu hiyo huonyesha pia kwamba maili hutumika vibaya zaidi zinapobadilishwa kwa bidhaa ndogondogo, na huleta faida zaidi katika njia ambazo tiketi za fedha ni ghali, kama safari za kwenda tu baina ya mabara.

Nani mwenye maili

Abiria wengi huzichukulia maili kama mali waliyoiweka benki. Sheria na mahakama hazijazitazama hivyo. Masharti ya programu nyingi husema kwamba maili ni za shirika, na kwamba shirika linaweza kubadilisha viwango au kumfuta mwanachama.

Aprili 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua shauri la Northwest dhidi ya Ginsberg, la mwanachama aliyeondolewa katika programu kwa madai kwamba alilalamika kupita kiasi. Mahakama ilisema kwa kauli moja kwamba dai lake, lililosimama juu ya wajibu wa jumla wa nia njema, lilizuiwa na sheria ileile ya mwaka 1978 iliyoondoa udhibiti wa nauli. Oktoba mwaka huohuo, mahakama kuu ya shirikisho ya Ujerumani katika masuala ya madai iliona kuwa Lufthansa ilikuwa na haki ya kumkataza mwanachama kuuza tiketi aliyoipata kwa maili.

Viwango navyo hubadilika. Delta iliondoa jedwali la bei za tiketi za maili mwaka 2015, na United ikaondoa la kwake mwaka 2019; tangu hapo bei hupanda na kushuka kulingana na soko. Shirika likifilisika, maili huweza kupotea zote. Ansett ya Australia iliposimama Septemba 2001, wanachama wa programu yake walipoteza pointi zao. Air Berlin ilipofilisika Agosti 2017, programu yake ya topbonus ilifuata siku chache baadaye.

Wakati huohuo, maili ambazo kwa abiria si mali, kwa shirika ni mali kubwa. Juni 2020, katika janga la UVIKO-19, United iliiweka programu yake rehani ili kukopa dola bilioni 5, ikiikadiria kuwa na thamani ya takriban dola bilioni 22. Septemba 2024 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ilianza kuyahoji mashirika manne makubwa ya nchi hiyo kuhusu kushuka kwa thamani ya pointi, uwazi wa bei na ada zilizofichika katika programu zao.

Muda wa maili kuisha hutofautiana. Skywards na KrisFlyer huzipa maili uhai wa takriban miaka 3 tangu zilipopatikana, mwanachama asafiri au asisafiri. Avios, zinazotumiwa na British Airways na Qatar Airways, hufa baada ya miezi 36 bila shughuli yoyote katika akaunti. Maili za United na Delta hazina tarehe ya kuisha.

Maili zinazotokana na safari za kikazi

Suala la maili zilizopatikana kwa fedha za umma limewahi kuwaondoa viongozi madarakani. Mwaka 2002 nchini Ujerumani ilibainika kwamba baadhi ya wanasiasa walitumia kwa safari binafsi maili walizozipata katika safari za kibunge. Gregor Gysi alijiuzulu nafasi ya seneta wa uchumi wa jimbo la Berlin, na mbunge Cem Özdemir naye alijiweka kando.

Marekani ilichukua mwelekeo tofauti. Kwa sheria iliyosainiwa Desemba 2001, watumishi wa serikali ya shirikisho waliruhusiwa kubaki na maili za safari za kikazi kwa matumizi yao binafsi, mradi tiketi isiwe imeigharimu Serikali zaidi kwa ajili hiyo. Mtumishi wa umma, na hata mwajiriwa wa sekta binafsi, anapaswa kufuata mwongozo wa mwajiri wake, na pale usipokuwepo, aulize kwa maandishi kabla ya kuandikisha maili hizo kwa jina lake.

Tahadhari dhidi ya ulaghai

Akaunti ya maili ina thamani ya fedha lakini mara nyingi hulindwa kwa nywila dhaifu. Walaghai huziingia akaunti hizo, hukata tiketi kwa maili za wizi na kuziuza kwa bei ya chini kupitia makundi ya simu. Mnunuzi hupewa namba ya tiketi halisi, na huenda akaiona katika tovuti ya shirika. Wizi ukigundulika, tiketi hufutwa, wakati mwingine msafiri akiwa tayari yuko ugenini. Kwa kuwa programu nyingi hukataza kuuza maili baina ya watu, aliyenunua kwa njia hiyo hana pa kudai.

Picha ya pasi ya kupandia ndege haipaswi kuwekwa hadharani, kwa sababu namba ya uhifadhi na namba ya uanachama zilizopo juu yake zinaweza kumfungulia mwingine akaunti. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mwananchi haki ya kujua taarifa zake zinavyokusanywa na kutumika, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Malalamiko ya abiria kuhusu huduma za mashirika ya ndege hupokelewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na nchini Kenya na mamlaka ya nchi hiyo ya usafiri wa anga.

Mambo ya kuzingatia

Mwananchi anayekusudia kutumia maili kwa safari ndefu anashauriwa kufanya yafuatayo:

1. Achague programu moja katika muungano unaohudumia uwanja anaoutumia zaidi, na ajiunge kabla ya safari. Kujiunga na programu nyingi hakuna ada.

2. Jina katika akaunti lilingane na jina katika pasipoti. Tofauti ya herufi moja huweza kuzuia maili kuandikwa.

3. Atunze tiketi na pasi za kupandia ndege hadi maili zionekane katika akaunti. Programu nyingi hupokea madai ya maili zilizokosekana kwa miezi michache tu baada ya safari.

4. Aandike mahali tarehe ambayo maili zitaisha, na aulize kama programu inaruhusu familia kuunganisha maili zao, kama inavyofanyika Skywards na Flying Blue.

5. Apange njia kwa kuanza na viza, kisha viti, kisha tarehe.

6. Ahesabu kodi, tozo, viza, bima na malazi kabla ya kusema safari ni ya gharama ndogo.

7. Azitumie maili mara zinapotosha kwa safari anayoihitaji, kwa kuwa viwango hupanda na abiria hana namna ya kulizuia shirika kuvipandisha.

Kwa msafiri anayefika ng'ambo mara moja kwa mwaka au miwili, matokeo ya kawaida ya uangalifu huo hayatakuwa mzunguko wa dunia nzima. Yatakuwa tiketi moja ya ndani ya Afrika, kiti cha mtoto katika safari ya likizo, au kituo cha siku 3 katika mji ambao vinginevyo angeupita usiku akiwa angani. Anayesafiri zaidi ya hapo, kwa biashara au masomo, anaweza kufikia mzunguko kamili baada ya miaka kadhaa, mradi maili zake ziwe zimekusanywa mahali pamoja na zisiachwe kufa.